Vaileth Sumari, Anayezikwa Bila Picha

Mchungaji, wazee wa usharika, wana ukoo, majirani wa Akheri, na ninyi mliopanda huku kutoka mjini na viatu vyeupe msimu wa mvua, historia hii ilipaswa kusomwa na mwingine. Katika ukoo wa Sumari wenye shahada wapo watatu, na kwa miaka kumi iliyopita kila aliyekufa hapa historia yake imeandikwa na Elirehema, tena kwa maneno matamu hata walevi wetu wakazikwa kama wainjilisti, lakini safari hii kila aliyeombwa alipata udhuru, ndipo akasukumwa mbele huyu anayewasomea, bibi wa marehemu, aliyeishia darasa la pili, mwenye miwani ya kuazima, akaambiwa, "Bibi, soma wewe, wewe huna aibu." Aibu anayo, tena ya kutosha nyumba nzima, ila yeye hajajifunza kuikunja na kuitia mfukoni kama wasomi.

Marehemu Vaileth Daniel Sumari alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Akheri, akiwa mtoto wa kwanza wa Daniel Sumari, aliyetangulia mbele za haki, na mkewe Marta, ambaye mnamwona pale amejifunika kitenge. Alizaliwa na mgongo wazi, ugonjwa ambao hata baada ya kushonwa ulimwachia miguu isiyobeba kitu. Wapo waliomshauri Marta amweke chumba cha ndani asionwe na wageni, naye akawajibu kwamba vyumba vyake ni viwili na vyote vimejaa ndizi, hivyo mtoto atakaa mbele kama watu wengine. Akabatizwa mwaka huohuo, mchana kweupe, mbele ya madhabahu ya kanisa letu, na waliokula pilau siku ile wengine wapo hapa wanasubiri la leo.

Mwaka 1999 alianza darasa la kwanza, akamaliza la saba mwaka 2005, na kwa miaka hiyo yote alikwenda shule kwa toroli la mbolea lililotandikwa gunia, na aliyelisukuma ni huyohuyo Elirehema, mtoto wa baba yake mkubwa, waliyekuwa naye darasa moja. Masika toroli likizama kwenye tope, Vaileth alikuwa akipiga kelele kutoka juu, "Vuta, we ng'ombe, kengele inalia!" na Elirehema akivuta huku anacheka, matope hadi masikioni. Toroli hilo mlikumbuke. Sekondari ya kata alisoma kuanzia 2006 hadi 2009 na kufaulu, lakini shule aliyopangiwa kidato cha tano ilikuwa ngazi tupu kuanzia getini, kwa hiyo Elirehema aliendelea hadi chuo kikuu, na Vaileth akarudi kuuza ndizi na mama yake soko la Tengeru, akawa pia katibu wa kwaya ya vijana, na anayekumbuka alivyowafokea sauti ya pili hatasema alikuwa mnyonge.

Mwaka 2013 Elirehema alipata kazi mjini, katika shirika liitwalo Tukae Pamoja, linaloshughulikia wenye ulemavu wasiachwe nje ya shule, kanisa na mikutano, na yeye akawa afisa mawasiliano, yaani mtu wa picha na hadithi. Mwaka uliofuata wafadhili walitaka kalenda, na katika kalenda hiyo walitaka mtu aliyefichwa. Elirehema alizunguka mlima wiki nzima, na penye waliofichwa kweli akafungiwa mlango, mchapaji naye anapiga simu, ndipo Jumamosi moja ya Septemba 2014 akaja hapa nyumbani Marta akiwa sokoni, akamwambia marehemu, "Dada, nina kamera mpya, nataka kujaribu mwanga tu, kaa pale banda la mbuzi kidogo." Marehemu akamuuliza kwa nini avue joho la kwaya avae shuka kuukuu la bibi, akajibiwa kwamba nyeupe inachoma picha. Akakaa. Mtu aliyekusukuma kwa toroli miaka saba humuulizi swali mara mbili.

Januari 2015 ikafunguka na uso wa Vaileth, ameketi juu ya samadi, chini yake pameandikwa: "Alifichwa pamoja na mbuzi kwa miaka kumi na moja. Leo ana tumaini." Katika nyumba hii hata mbuzi mwenyewe hajawahi kukaa miaka hiyo, Krismasi haimruhusu. Tena kalenda ilikuwa nzuri, ndiyo taabu yake, ikatundikwa madukani, zahanati, ofisi ya kata, hata ofisi ya usharika. Kule Tengeru wanawake wakaanza kuzipita ndizi za Marta kama zimeoza, jumuiya ikaja kumwombea toba, na mzee mmoja wa kanisa akamwambia kwa upole, "Mama Vaileth, Mungu amesamehe makubwa kuliko hayo." Majirani waliomwona mtoto kwenye toroli kila asubuhi nao wakaanza kusema labda, labda ni usiku ndiyo alilazwa kule. Wengine mko hapa, msitazame migomba, migomba haina jibu. Marta alikaa mwaka mzima bila kushiriki Chakula cha Bwana, kwa sababu hakuweza kupiga magoti bega kwa bega na watu waliomwona mchawi wa mwanawe, na Elirehema alipoitwa alileta kilo mbili za sukari, akasema, "Bibi, ni kwa faida ya wengi, nitarekebisha toleo lijalo." Toleo lijalo lilikuja, na mengine yakalifuata, na marekebisho hayakuonekana.

Machi 2016 marehemu aliingia ofisini kwa Tukae Pamoja na kiti chake cha magurudumu, mkurugenzi akadhani amekuja kuomba kipya, naye akamnyooshea kidole Elirehema, akasema, "Kiti ninacho, nimekuja kuomba kazi ya huyu." Hawakumpa kazi ya huyu, walimpa meza pembeni ya huyu. Hapo akakusanya hadithi za watu kwa miaka tisa, na kila aliyoiandika aliirudisha kwa mwenyewe, akamsomea mbele ya majirani wake, na mwenyewe akisema hapa futa, panafutwa, hata kama ndipo wafadhili wangelia. Alikuwa akisema hadithi ya mtu ni mbuzi wa kufugiwa, maziwa utakunywa, lakini mwenyewe akimdai unamtoa na kamba yake. Milango aliyofungiwa Elirehema ikamfungukia yeye, hata kule Kisongo mama mmoja akamtoa kijana wake chumba cha ndani, akakataa picha, Vaileth akaandika bila picha, na kijana huyo leo anauza vocha na yupo hapa, ameitikia kwa kichwa.

Tarehe 8 Desemba 2018 alifunga ndoa na Lerionka, fundi cherehani wa Kisongo, ambaye aliiona kalenda ile kwenye duka la vitambaa, akaja na blanketi la msaada kumpa yule wa bandani, akamkuta barazani anawagombeza wachuma kahawa, blanketi akaliacha kwa aibu na kesho yake akarudi bila kisingizio. Walijaliwa mtoto mmoja, Silantoi, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2020. Siku ya harusi mpiga picha aliambiwa apige keki na masufuria, kwa sababu tangu siku ile ya bandani marehemu hakukubali kupigwa picha tena, isipokuwa ya kitambulisho cha taifa, na hiyo juzi imejaribiwa kukuzwa mjini ikatoka doa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, na Agosti mwaka huu 2025 akalazwa hospitali moja mjini, na kwenye korido ya wodi hiyo, kufunika ufa wa ukuta, ilikuwepo kalenda ya mwaka 2015. Muuguzi mmoja akamtambua, akatokwa machozi, kisha akamgeukia Marta aliyekuwa anamlisha mwanawe uji, akamuuliza, "Mama, ulimtoa lini bandani?" Marta aliosha kijiko. Elirehema alipokuja kumtazama mgonjwa, bibi akiwa ameketi pembeni ya kitanda, Vaileth alimwambia, "Kaka, siku yangu ikifika watatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, na hakuna picha yangu kubwa isipokuwa yako. Hiyo isiletwe. Pale pa picha utasimama wewe, watu wakutazame wewe, na bibi aseme ulichofanya." Elirehema akaanza kulia. Vaileth akamwambia, "Usilie, mwanga wa humu si mzuri."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, akiwa na miaka thelathini na minne, ameacha mume, mtoto, mama, na bibi aliyekuwa na zamu ya kutangulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hata yule aliyeuliza, kwa kuwa aliamini alichoandikiwa, inawashukuru majirani kwa kuni, maziwa na ndizi, wakiwemo wale wa labda, na inawashukuru wafanyakazi wenzake, ambao wameombwa kwenda kuing'oa kalenda ile popote ilipo, na ufa wa watu wauzibe kwa saruji.

Mmeingia hapa mkamkuta kijana mwenye suti amesimama kando ya shada mahali panapowekwa picha, na mkadhani ni mtu wa kampuni ya mazishi. Huyo ndiye Elirehema, naye ni mjukuu vilevile, kwa hiyo anayeona haya mbele yenu ni bibi wa wote wawili. Wazee wa ukoo walitaja ng'ombe wa faini, marehemu alishamkataa, alisema ng'ombe hana uso. Amesimama hapo tangu wimbo wa kwanza, atatangulia mbele ya jeneza kama picha inavyotangulia, atasimama kichwani mwa kaburi hadi koleo la mwisho, na hataficha uso kwa kitambaa. Wenye simu, mwanga ni mzuri.

Vaileth, mwana wa Marta, mtoto wa mbele, lala sasa, bandani umeshatoka.