Mwizi wa Vidonge vya Nondo

Benchi langu la kahawa lina miguu mitatu na tofali moja, na hukaliwa na wanaume wanaojua kila kitu. Jana asubuhi Mkasi, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuja na funguo mbili shingoni badala ya mmoja. Sanduku lake la nguo za wateja lina kufuli. Ufunguo mmoja wake, wa pili wa mkewe. Huo wa mkewe alikuwa amemnyang'anya.

— Nilitia vidonge kumi na viwili vya kufukuzia nondo, akasema. Vyeupe, vigumu kama gololi. Leo, miezi mitano tu, hakuna hata kimoja! Mama watoto anampelekea dada yake. Nikimaliza kikombe hiki namrudisha kwao.

— Kwa vidonge?

— Kwa wizi, bibi.

Barafu, anayetengeneza mafriji, akaingilia.

— Tuliza boli. Labda vimeyeyuka.

— Nguo kavu, hata doa hakuna!

— Basi vimeibwa. Kitu kigumu huwa maji kwanza, ndipo maji yawe mvuke. Ni ngazi hiyo, hakuna kuruka kidato.

Kamusi, karani mstaafu, hakubali kupitwa.

— Nondo wamevila. Wameizoea dawa, sasa ni chakula.

— Wakaziacha suti? nikamuuliza. Wana adabu kukushinda.

— Basi sanduku lenyewe limevinywa. Mbao ina vinyweleo kama mtu. Mkasi, angalia sana, kesho litakunywa vifungo!

Mkasi hakucheka. Akasimama.

— Nimeamua. Leo ni leo.

Nyuma yake, mlangoni, nilimwona mkewe anakunja nguo za watoto. Halii. Nimewahi kukunja nguo namna ile mara mbili maishani mwangu, najua kinachofuata. Nikamjazia Mkasi kikombe mpaka juu.

— Kaa. Kahawa yangu haimwagwi.

Akakaa, anapuliza kwa hasira. Hapo akatokea mama mmoja mteja, mkononi ana koti la mumewe, lililotolewa sandukuni juzi, alilotoka kukabidhiwa na mke wa fundi. Akapiga chafya tatu.

— Fundi, koti hili mbona linanuka dawa ya nondo mpaka machozi yananitoka?

— Haiwezekani, mama. Vidonge vyote vimeibwa.

— Vimeibwa? Sasa hiki ninachonusa ni nini?

Mkasi akalivuta koti, akanusa kwapa, akanusa kola. Kamusi akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

— Barafu, nikasema, ngazi yako kuna aliyeiruka. Vidonge vimekwenda zao hewani kidogo kidogo, vikaacha harufu nguoni, maji hata hayakuonekana. Darasa la pili sikumaliza, lakini pua ninayo.

Mkasi akashika funguo zake shingoni.

— Sasa nitarudije kwake, bibi?

— Kwa miguu. Ni mlango wa pili.

Barafu akaomba kikombe kingine. Nikaligeuza birika juu chini, likatoa tone moja.

Sote tukamtazama Mkasi akivuka kizingiti. Mkewe akaweka chini shati la mtoto, akapokea ufunguo wake. Kisha akanyoosha mkono tena, akasubiri wa pili.