Msalaba Juu ya Jina Langu

Mheshimiwa Diwani wetu, Baba Padre, Mwalimu Mkuu Zablon, wageni waalikwa, majirani wa Isevya, na kwa namna ya pekee ninyi ndugu zangu mliopanda treni kutoka Kaliua mkijua mnakuja kunizika: shikamooni wakubwa, na wadogo nimeshawaitikia.

Mimi ni Eustadia, mama mzazi wa Julieth, mwenye duka hili la uchapaji tunalolifungua leo. Niliishia darasa la saba, lakini mtoto niliyemzaa anapanga herufi zikakaa kama watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nani mwingine hapa ana binti kama huyo? Msijisumbue, najibu mwenyewe: hakuna.

Sasa maneno yamezagaa kwamba Julieth hajui kazi, kamuua mama yake kwenye kadi. Na wewe Mwalimu, uliyempa vyeti vya mahafali avichape, nasikia unataka kuvipeleka kwingine. Subiri kidogo nitubu, maadamu Padre yupo.

Kadi ya mwaliko wa leo Julieth aliitengeneza vizuri. Mkato umekaa karibu na neno lake, ndipo ikafuata nafasi. Alama ya mshangao moja tu. Ua moja dogo kwenye kona. Mimi nikasema, "Mbona ya kimaskini hivi? Weka mishangao mitano!"

Akasema, "Mama, ukipiga kelele kila mstari, watu watajua lipi la kushangilia?"

"Basi weka nyota."

"Mapambo yakizidi, mama, macho hayana pa kutua."

Nikamuuliza, mimi nimekuzaa au nimekuokota? Akarudi kwenye kompyuta. Nikaelekeza kwa kidole: picha yangu katikati, ile ya kitenge cha Jumuiya, msalaba juu ya jina langu, maana mimi Mkatoliki simwogopi mtu, na mstari mweusi mnene kuzunguka kadi yote. Akasema, "Mama, hii inafanana na ya msiba." Nikamjibu, "Inafanana na ya waziri!" Nikairusha mwenyewe kwenye kundi la ukoo.

Jamani, nani anasoma maneno akishaona picha, msalaba na mstari mweusi? Kesho yake wifi yangu Leonia huyo, kajifunga kanga, debe la unga kichwani, analia tangu barabarani. Nikamfungulia mlango. Akapiga yowe la pili, kubwa kuliko lile la kunililia! Alipotulia akasema, "Wifi, unga huu siurudishi Kaliua. Utaula hivyo hivyo ukiwa hai." Ndio ugali mtakaokula leo.

Kwa hiyo, Mwalimu, aliyeharibu kadi ni mimi. Binti yangu alijua, akanionya, ila kumshinda mama yake ndiko kulikomshinda. Vyeti vya watoto wetu mwachie. Naahidi mbele ya Padre: sitagusa hata nukta. Unacheka? Kicheko hicho nimekipokea kuwa ndiyo, na mashahidi ni hawa wote.

Nawashukuru mlioleta zawadi, na mlioleta rambirambi pia. Asanteni sana kwa kumsikiliza marehemu.