Zabron Hakufa kwa Presha

Ndugu waombolezaji, mjukuu wetu Zabron Silwimba alizaliwa Ihanda, wilayani Mbozi, tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili wa marehemu Josephat na mama Restuta. Siku hiyo mvua ilinyesha hadi kuku wakajifunza kuogelea. Mimi bibi yake nilikuwepo. Anayebisha aje tubishane baada ya chakula.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Ihanda, 1994 hadi 2000. Akahamia Tunduma, akawa fundi wa matairi ya malori. Mwaka 2010 alifunga ndoa na Fausta, ambaye peke yake ndiye aliyemshinda kwa ubishi.

Tarehe 11 Februari 2025 alikuwa anafungua tairi la lori lililopata pancha. Alipogonga ringi kwa nyundo, nyuma ya shehena wakagonga kumjibu. Watu! Akaenda kituoni, akamweleza askari wa zamu, wakiwa wawili tu. Aliporudi, dereva alikuwa anamngoja.

"Fundi, kumbe nyundo yako inaongea na polisi?"

Nani alimwambia? Ukuta?

Zabron alilikalia lile tairi, akakataa kulirudisha, huku Fausta akipiga simu polisi mkoani, Vwawa. Askari waliotoka huko waliwashusha vijana wa Kiethiopia waliobanwa nyuma ya magunia, wengine hawawezi hata kusimama. Wote walitoka hai.

Mwezi Aprili, akitoka kazini, marehemu alivamiwa na watu wenye nondo. Alilazwa Mbeya, figo zikagoma, akafariki tarehe 3 Juni.

Jana alikuja afande hapa msibani, akaketi kando yangu mkekani kwa adabu zote.

"Shikamoo bibi. Kwenye wasifu muandike tu presha. Tusiharibu upelelezi."

"Marahaba. Na hiyo presha, nondo iliishika kwa mkono gani?"

Watu walicheka, naye akaaga. Mimi sikucheka. Upelelezi gani, wakati yule askari wa zamu bado yuko zamu, na yule dereva bado anapita mpakani akitupigia honi? Basi imeandikwa, na isomwe kwa sauti: Zabron aliuawa kwa sababu aliokoa watu.

Ameacha mama, mke na watoto watatu: Ezron, Nesta na Angel. Fausta ndiye shahidi aliyebaki, na amesema kesi ikifika mahakamani atakwenda. Sisi tuliojaa hapa kuzika, siku hiyo tujae na kule.

Fundi wetu apumzike kwa amani. Waliomuuza tusiwape amani hiyo.