Afande Kufuli na Saa Ishirini na Nne

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alimaliza darasa la nane mwaka 1967, akisifiwa kwa mwandiko.

Tarehe 10 Januari 1971 alijiunga na polisi. Enzi hizo askari alikuwa na filimbi, rungu na miguu yake. Kila jioni Baba alipita madukani akivuta kufuli moja moja, ndipo wenye maduka wakambatiza Afande Kufuli. Duka lililosahauliwa wazi alilisimamia mpaka mwenyewe aje, hata mvua inyeshe. Magari ya doria yalipoletwa, alinung'unika: "Ndani ya gari utajuaje kufuli halijafungwa?" Kwake kazi ya polisi ilikuwa kuzuia. Kukamata, alisema, ni kuchelewa.

Alimwoa mama, muuguzi, tarehe 17 Agosti 1974, wakajaliwa watoto wawili.

Mwandiko ule ulimfikisha kaunta, kwenye kitabu cha matukio. Tarehe 9 Machi 1999, saa mbili asubuhi, mama alisimama mbele yake. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea, hakuwa amerudi nyumbani.

"Mama watoto, utaratibu unaujua. Mtu mzima, mpaka zitimie saa ishirini na nne."

"Hata wako?"

"Hata wangu."

Kesho yake alimwandika kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye mkata tiketi alisema alimwona kaka kituo cha mabasi saa nne ya asubuhi ileile mama aliporudishwa. Hatujamwona tena.

Mwaka 2008, Baba akiwa amestaafu, utaratibu ulibadilika: aliyepotea anaandikwa papo hapo, tena kwenye kompyuta. Alilisoma tangazo ukutani mwa kituo, akarudi nyumbani, akakaa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka jana alipata kiharusi. Askari wa kike alipokuja kumjulia hali akiwa na sare, Baba alimshika mkono wa shati.

"Mwandike leo, binti. Usimngojeshe mama yake."

"Nimeshaandika, afande."

Alifariki tarehe 21 Juni 2022, saa sita mchana, tukiwa tumemshika mkono.

Kipeperushi hiki kilikwama siku mbili. Tulishindwa kuamua kama kaka ni wa waliobaki au wa waliotangulia, nikashauri tungoje kidogo. Mama akasema, "Mwandikeni leo."

Ameacha mjane, binti, wajukuu wanne, na mwanawe, fundi wa kuchomelea. Baba apumzike kwa amani; mwanawe ameandikwa.