Vali Alizozikataa Kepher Owiti

Wachungaji, wazee, mafundi wenzake, majirani wa Soin na wakwe zetu wa Roret, familia imeomba historia hii isomwe polepole na isomwe yote, hata pale inapouma, kwa hiyo tunawaomba mvumilie.

Kepher Owiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Nyakach, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Zedekia Ogweno na Mama Syprose, ambaye tuko naye hapa, na alipokuwa na miaka minne babake alipata kazi ya kuchochea boila katika kiwanda cha majani chai karibu na Kericho, wakahamia nyumba za wafanyakazi, ndipo Kepher akakua akizungumza Kijaluo jikoni na Kipsigis mtoni.

Alisoma shule ya msingi ya hapo shambani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, na walimu wake walimjua kama mtoto asiyehama swali mpaka limkubali. Mwaka 1970 alikwenda Nairobi kujifunza kazi ya injini za ndege ndogo, akakaa huko hadi Februari 1986, aliporudi Kericho kufanya kazi katika karakana iliyo kando ya uwanja wa nyasi, zinakotengenezwa ndege za kunyunyiza dawa mashambani.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Tecla Chepkorir katika kanisa la Roret, na baba mkwe wake aliwachekesha wageni kwa kusema, "Nimempa binti yangu kijana anayekagua chuma kuliko sisi tunavyokagua ng'ombe." Mungu aliwajalia watoto watatu, Molly, Kipsang na Nelvine, nao wameketi pale mbele na mama yao.

Sasa tutaeleza kazi yake, kwa sababu bila kuielewa hamtaelewa kifo chake. Injini ya ndege ikishatumika muda uliowekwa, hufunguliwa yote na kila kipande kukaguliwa, na sehemu ya Kepher ilikuwa vali pamoja na springi na fimbo zinazozisukuma. Vali ni kama mlango mdogo, mmoja huingiza hewa na mafuta, mwingine hutoa moshi, na huo wa moshi hufanya kazi ndani ya moto, hivyo polepole shingo yake huvutika na kuwa nyembamba, mpaka siku moja kichwa chake hukatika na kuanguka ndani ya injini. Kepher aliziosha, akazipima shingo, akaviringisha fimbo juu ya kioo kuona kama zimepinda, na vali aliyoikataa aliichora msalaba kwa tupa kisha akaipiga nyundo mpaka ikapinda, ili asitokee mtu wa kuirudisha kwa haraka au kwa tamaa.

Mwezi wa Machi mwaka huu alizikataa vali mbili za moshi, akazichora, na alipoinua nyundo meneja wake akamzuia akisema, "Ziache kwanza, bwana Owiti, nataka mwenye ndege azione kwa macho yake." Kepher akaweka nyundo chini. Siku hizo ndipo baba mkwe wake alipofariki, akaruhusiwa kwenda Roret kumzika tarehe 30 Machi, na aliporudi alikuta injini imefungwa, akauliza vali mpya zilifika lini, akajibiwa na meneja huyo huyo, "Zilikuja Jumanne, fundi. Wewe pole na msiba." Mtu ametoka mazikoni, akapewa pole na uongo kwa mdomo mmoja.

Ilikuwa desturi ya Kepher kupanda ndege siku ya kwanza injini inapojaribiwa, na Tecla alipomgombeza kwa hilo alimjibu, "Mama Molly, siwezi kumtuma mtu mahali mimi mwenyewe naogopa kwenda." Alhamisi tarehe 18 Aprili alipanda, kichwa cha vali kikakatika, injini ikazimika juu ya mashamba, ndege ikaangukia kwenye majani chai, rubani akavunjika mkono, naye Kepher akavunjika mgongo na kuumia figo.

Alilala hospitalini wiki mbili. Meneja alikuja, akasimama kando ya kitanda, akamwambia Tecla mbele ya mgonjwa, "Mama, hizo vali alizikagua yeye mwenyewe." Kepher aliyasikia, na kuanzia hapo hakuuliza habari za mgongo wake, aliuliza ni nini alichokosa kuona kwenye vali zile alizozipitisha, na usiku wake wa mwisho alisema, "Tecla, labda macho yangu yamezeeka." Alifariki Alhamisi tarehe 2 Mei 1996, akiamini hivyo.

Jumapili iliyofuata, Phelix, fundi aliyefunga injini ile, alikuja nyumbani akiwa analia, akamweleza Mama Syprose na Tecla kwamba hakuna vali mpya iliyokuja. Aliona misalaba, akauliza, na meneja akamwambia, "Owiti hukataa hata maji ya kunywa. Funga." Akafunga. Phelix ameturuhusu kuyasema haya, na ameyaeleza kwa polisi pia.

Meneja ameomba kutoa neno kwa niaba ya kampuni. Familia imekataa. Tumefundisha watoto wetu kusamehe na tutajifunza tena wenyewe, lakini si leo, na si kwa mtu ambaye bado hajasema alichofanya, na shada aliloleta tumeliacha nje ya lango.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wachuma chai waliomtoa ndani ya ndege na kumbeba hadi barabarani, majirani waliolala hapa na sisi kila siku, na mafundi wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Baba Molly, ulituuliza tukakosa jibu, nalo limefika umeshaondoka, kwa hiyo tunalisema mbele ya watu wote hawa. Hukukosa kuona kitu. Uliona, ukakataa, ukadanganywa. Lala kwa amani, macho yako hayakuzeeka.