Mwalimu Lango na Saa Yake Iliyokwenda Mbele

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Lango, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshonaji. Alisoma shule ya mtaani, kisha akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1972. Inasemekana aliongoza darasa lake. Msemaji ni yeye mwenyewe.

Alifundisha hisabati na kupanda hadi kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufunga lango la shule asubuhi na kuwaacha nje waliochelewa. Saa yake ya mkononi ilikwenda mbele dakika kumi, naye alijua. Watoto wake walimtania kwamba kwake hata jua huchelewa kuchomoza. Alicheka sana, na nyumba ilikuwa na furaha siku zile.

Tarehe 14 Juni 1975 alimwoa muuguzi wa zahanati ya mtaani, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa watoto wanne.

Tarehe 19 Oktoba 1997, katika uchaguzi mdogo wa ubunge, shule yake ilifanywa kituo cha kupigia kura, naye akawa msimamizi. Ilijulikana kuwa mshindi angepita kwenye tundu la sindano, na ilijulikana mtaa huu haumtaki nani. Asubuhi hiyo mtumwa huyu wa saa alifungua kituo saa nne badala ya saa moja. Alisema wino haujafika. Kila aliyechungulia dirishani aliuona mezani. Jioni, sheria ilimtaka ampigishe kura kila atakayekuwa kwenye foleni wakati wa kufunga. Yeye alifunga lango dakika kumi kabla ya wakati, na foleni ikiwa imezunguka ukuta hadi kwa kinyozi. Wa tatu kutoka langoni alikuwa mkewe, na sare ya kazini mwilini.

"Baba watoto, saa yako iko mbele," mkewe alimwambia kupitia vyuma. "Unajua iko mbele."

"Saa ni saa, mama watoto," alijibu, akageuza ufunguo.

Mgombea aliyekataliwa na mtaa alishinda kwa kura thelathini na moja. Foleni iliyobaki nje ilikuwa ndefu kuliko hizo. Mkono mtupu haulambwi: Januari marehemu alipewa ukuu wa shule. Mheshimiwa huyo mwenyewe ameketi leo kiti cha mbele, na shada lake linakaribia ukubwa wa jeneza.

Marehemu aliugua figo kuanzia mwaka 2019. Mkewe alimwogesha, akamlisha, hakumnunia hata mara moja, wala hakumsamehe. Siku za mwisho marehemu alimbembeleza mkewe ili wasifu huu useme alisimamia uchaguzi kwa haki.

"Neno moja tu, mama watoto."

Mkewe alimfunika miguu. "Nitaandika ulichofanya. Lala."

Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 8 Machi 2021.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na foleni. Mjane anaomba lango la makaburi lisifungwe mpaka mtu wa mwisho kwenye mstari atie udongo wake, hata giza likiingia, na mheshimiwa ajipange nyuma kama wengine. Apumzike kwa amani, ikiwa huko alikokwenda hawafungi kwa saa yake.