Risala ya Ufinyanzini Kuhusu Kiwanja Kilichokazwa kwa Umeme

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shikamoo. Na ulioongozana nao wote, asalaam aleikum.

Sisi wakazi wa kitongoji cha Ufinyanzini, Mafia, tumefurahi kukuona. Tunakuomba uendelee kukaa hapo hapo jukwaani, usishuke kwanza kutupa mkono. Sababu tutaieleza.

HISTORIA
Udongo wetu ni mfinyanzi laini. Wodi ya kujifungulia tuliyoijenga kwa nguvu zetu ilipasuka kuta kabla haijapakwa rangi. Tangu hapo wajawazito hupakiwa pikipiki hadi zahanati ya Ndagoni. Mwaka jana Bi Amina alijifungulia njiani, pikipiki imenasa topeni. Mtoto mzima, alhamdulillahi, ila mama yake hataki tena kuisikia pikipiki.

MAFANIKIO
Mhandisi Fortunatus alituletea mitambo ya umeme wa jua. Alisimika nondo ardhini, akamimina dawa, akapitisha umeme. Maji yakahamia kwenye nondo za upande mmoja, tukayachota, udongo ukaanza kukaza. Kabla ya hapo Maalim Hafidhi alikuwa amekisomea kiwanja dua. Mhandisi anasema ni umeme, Maalim anasema ni dua. Sisi hatugombani na mtu, tunaomba vyote viwili viendelee.

CHANGAMOTO
Mheshimiwa, kazi ilianzia kwenye kiwanja cha wodi. Iliposikika kwamba unakuja, kamati ya mapokezi iliingiwa na hofu usije ukazama mbele za watu. Mitambo ikahamishwa, ikakaza hapo tu ulipokaa, kisha ikazimwa; ndiyo maana tumekuomba usishuke kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii amepona mgeni. Hatulaumu, jukwaa limependeza na kiti chako hakijayumba.

MAOMBI
Tunaomba mitambo irudi kwenye wodi, na ibaki huko hata akija mgeni mkubwa kukuzidi. Ikiwa ombi hili ni zito, basi tunaomba ushuke utembee nasi mpaka wodini. Si mbali. Viatu tutakuoshea.

Mwisho, anayekusomea risala hii ni Shamsa Kombo. Kamati ilimtaka Mzee Zubery mwenye sauti nzito, wanawake tukakataa. Kama unavyomwona, mwenzetu amebakiza wiki chache, na sisi tuna hofu juu yake. Tunaomba utuambie leo, angali amesimama mbele yako: akajifungulie wapi?

Mwenyezi Mungu akujaalie safari ya heri na akuzidishie huruma.

Ni sisi, wakazi wa Ufinyanzini.